Shajara ya mradi: filamu «Lori la Saa Nane», Lubumbashi

Aprili 2025: mzigo na mtu wake

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya wote waliotuahidi mikono, magari na nyua zao, ili kila mmoja ajue kazi imefika wapi na kwa nini mambo kadhaa yamebadilika tangu tulipowasomea muhtasari pale Kamalondo. Filamu yenyewe ni ya uhalifu na mapambano. Ngoy, afisa wa polisi wa cheo cha chini, anatumwa kujipenyeza katika kundi linaloiba shaba kutoka kwenye malori yanayoelekea mpaka wa Kasumbalesa, na humo kundini anajulikana kwa jina la Mwape. Mkuu wa kundi ni mwanamke, Mama Kalenga, mwenye depo ya vyuma chakavu na sauti ya mtu asiyezoea kurudia neno. Wahusika watazungumza Kiswahili cha Lubumbashi, na Kifaransa cha ofisini na Lingala ya kambi za askari zitasikika pale tu ambapo zingesikika kweli.

Badiliko la kwanza ni mzigo. Katika muhtasari kundi liliiba kobalti. Tarehe 22 Februari serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka kwa sababu ya madini hayo kujaa sokoni, na kwa kuwa Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, agizo hilo halikuwa la mzaha. Mtazamaji wa Lubumbashi, ambaye hakosi shemeji dereva au mjomba mwenye depo, angeuliza tangu dakika ya kwanza lori hilo la kobalti linakwenda wapi na kwa karatasi zipi, na swali hilo lingemsumbua hadi mwisho. Shaba haikuguswa na agizo. Tena shaba ina sura. Kobalti husafiri ikiwa unga ndani ya magunia makubwa, na gunia ni gunia tu mbele ya kamera. Shaba iliyosafishwa kwa umeme husafiri ikiwa sahani, zile zinazoitwa katodi, zenye rangi ya waridi inayoelekea wekundu, uso wenye chunusi ndogo ndogo, na kingo zinazokwaruza mkono usiovaa glavu.

Uzito wa sahani hizo ndio uliotupatia mhusika wetu. Sahani ya mita moja kwa mita moja yenye unene wa sentimita moja ina uzito wa karibu kilo 90, kwa maana shaba ni nzito karibu mara tisa kuliko maji. Zikifungwa pamoja kwa mikanda ya chuma zinafikia tani kadhaa, na hakuna kijana atakayepanda juu ya lori linalotembea na kuzirusha chini. Kundi linalotaka kuiba mzigo wa namna hiyo usiku mmoja linahitaji uwanja, linahitaji forklifti, yaani mashine ya kunyanyulia mizigo, na zaidi ya yote linahitaji mtu anayejua kuiendesha gizani bila taa na bila kuangusha mzigo mguuni mwa mwenzake. Basi hicho ndicho kitakachomfungulia Ngoy mlango wa kundi: ufundi wa mikono, wala si maneno matamu.

Jambo hili tumelipima kwa mifano ya kweli. Joseph Pistone wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliyeishi kati ya majambazi wa ukoo wa Bonanno mjini New York kuanzia 1976 hadi 1981 kwa jina la Donnie Brasco, alijifanya mwizi wa vito, na kabla ya kuingia alisoma mambo ya vito ili mtu akimwekea jiwe mezani asibabaike. Ngoy hahitaji kusomeshwa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mmoja wa watu zaidi ya 10,000 walioachishwa kazi mwaka 2003 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na mtoto alikulia katika kambi ya wafanyakazi akicheza kando ya karakana. Mzee wa Lubumbashi akiona picha ya baba huyo ameketi kizingitini na barua mkononi atajua mengine yote, kwa hiyo hatutaweka maelezo yoyote ya sauti juu ya picha hiyo.

Mei: mwanasheria asoma muswada

Mwanasheria rafiki wa mradi ameurudisha muswada ukiwa na wino mwekundu karibu kila ukurasa, na kwa kweli ametusaidia kuliko waigizaji wote. Hoja yake ya kwanza ilihusu tendo la kwanza la hadithi. Katika toleo la zamani Ngoy, ili aaminiwe, ndiye anayependekeza lori la kuvamiwa. Mwanasheria akauliza: kama polisi ndiye aliyetoa wazo, mwizi ni nani? Kwa mfano, sheria ya Ufaransa ya tarehe 9 Machi 2004, iliyompa afisa ruhusa ya kujipenyeza, inamkataza waziwazi kuchochea kosa, na inasema pia kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa maneno ya afisa huyo peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 dhidi ya uhalifu uliopangwa unaovuka mipaka, uliotiwa saini Palermo, unataja shughuli za siri za namna hii katika kifungu chake cha 20, lakini unaiachia kila nchi kazi ya kuziwekea mipaka. Kwa hiyo sasa Mama Kalenga ndiye anayelitaja lori, saa na kilometa. Ngoy anauliza swali moja tu, kama uwanja una mteremko, kwa sababu dereva yeyote wa forklifti angeuliza hivyo.

Kwa mtazamaji mwenye haraka badiliko hilo ni dogo, lakini kwetu limebadilisha filamu nzima. Kuanzia hapo kila tukio linapimwa kwa swali moja: amekuwa shahidi bado, au amekwisha kuwa mshiriki? Anaposhika usukani ni shahidi. Anapoambiwa aongeze mwendo, huku mlinzi wa uwanja amelala chini amefungwa, hatujui tena. Mapigano na mbio zote tulizopanga zimehamishwa ili zitokee kando ya mstari huo, na yale yaliyokuwa mbali nao, likiwemo pigano zuri sana la sokoni ambalo wengi mlilipenda, yameondolewa.

Hoja ya pili ndiyo iliyotupatia nusu ya pili ya filamu. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 2006 inasema mtu hawezi kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48 kabla ya kuachiwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Ibara ya 156 inasema makosa yanayotendwa na askari wa jeshi na wa polisi yanasikilizwa na mahakama za kijeshi. Ziweke ibara hizo mbili pamoja, uone mtego uliopo. Ngoy anakamatwa pamoja na kundi na polisi wa kituo kingine ambao hawajui lolote. Akisema mbele ya wenzake wa kasho, yaani chumba cha mahabusu, kwamba yeye ni polisi, hatafika asubuhi. Akimnong'oneza afisa wa upelelezi, afisa atapiga simu kwa kamanda aliyemtuma. Lakini kamanda huyo amehamishiwa mkoa mwingine, aliyechukua nafasi yake hajawahi kusikia habari ya mtu anayeitwa Mwape, na jalada la kazi liko katika droo ambayo hakuna anayejua ufunguo wake uko wapi. Zaidi ya hapo, kitambulisho ambacho kingemwokoa ndicho kinachomzidishia kosa, kwa sababu tangu dakika hiyo hayuko tena mwizi wa kawaida mbele ya mahakama ya kawaida: ni askari aliyekamatwa na shaba ya wizi, na faili lake linakwenda kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi.

Wengi mlishauri kamanda auawe, ili hadithi ipate moto. Tumekataa. Kifo cha mtu pekee anayeijua siri kimetumika mno katika filamu za aina hii, na hapa kwetu uhamisho wa ghafla unaeleweka haraka zaidi na unatisha zaidi, kwa kuwa hauna wa kulaumiwa.

Mapenzi kati ya Ngoy na binti wa Mama Kalenga nayo yameondolewa. Uingereza ilianzisha mwaka 2015 uchunguzi rasmi juu ya polisi wake wa siri, baada ya kubainika kwamba baadhi yao walikuwa wameishi kwa miaka na wanawake wasiojua wao ni nani, na kwamba wengine walitumia majina ya watoto waliokufa ili kujipatia utambulisho. Ukishasoma habari za wanawake hao huwezi tena kuandika tukio la busu chini ya mvua na muziki laini. Binti amebaki katika hadithi, lakini sasa ni mtunza hesabu wa depo, na ndiye mwenye akili kuliko wote.

Juni: visigino

Tumeanza kupiga picha. Kiangazi kinatufaa: hakuna mvua ya kukatiza kazi, anga ni safi, na jua huzama kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni, hivyo mwanga wa machweo huwa unajulikana utakapofika. Vumbi jekundu ndilo adui. Mpiga picha wetu amekataza kabisa kubadilisha lenzi nje ya gari, naye ana haki.

Tukio la mwezi huu ni lile ambalo Ngoy anagunduliwa, na hakuna ngumi ndani yake. Kila mtu hapa anajua kwamba bendera inapopandishwa asubuhi au kushushwa jioni mbele ya ofisi, wapita njia husimama, wa baiskeli hushuka, na gari husimama hata kama lina haraka. Vijana wa kundi wanatoka mjini pamoja na Ngoy, mmoja amebeba mkate, mwingine anaongea na simu, na bendera inaanza kushuka. Wote wanasimama kama watu wanavyosimama: mguu mmoja umelegea, mkate kwapani, simu imeshushwa lakini haikuzimwa. Ngoy naye anasimama, ila visigino vyake vimegusana, vidole vyake vimenyooka kwenye mshono wa suruali, na kidevu kimepanda. Inachukua sekunde chache tu. Binti wa Mama Kalenga, aliye upande wa pili wa barabara, anaitazama miguu yake na hasemi kitu.

Hatukutaka kupiga tukio hili mbele ya ofisi halisi. Shule moja ya Kampemba ilituruhusu kutumia uwanja na mlingoti wake jioni, baada ya wanafunzi kuondoka. Mshauri wetu ni mzee aliyestaafu upolisi, ambaye sote tunamwita Papa, na alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kamera akitazama miguu tu. Mwigizaji wetu alikuwa akisimama wima kuanzia kichwani, kifua mbele, kama sanamu.

«Apana, mutoto yangu,» Papa akamwambia. «Mwenye kujificha hawezi kusimama vile. Ni visigino njo vinamuuzisha.»

«Basi Papa, mwili unafanya je?»

«Mwili unajisahau. Wewe unaukatalia, lakini umechelewa.»

Tangu hapo mwigizaji aliacha kuigiza ushupavu. Alianza akiwa amelegea kama wengine, mwili ukajikaza wenyewe kutoka chini kwenda juu, kisha akajaribu kuulegeza tena huku bendera bado inashuka. Jaribio hilo la kujilegeza ndilo linaloonekana kwenye picha, na ni bora kuliko lolote tulilokuwa tumeliandika. Tumepiga miguu peke yake kwa lenzi ndefu, kwa sababu tukionyesha uso mapema mtazamaji atajua kabla ya binti.

Kuhusu sare: sare ya polisi wetu ni ya buluu, na fundi cherehani wetu ameshona ya buluu iliyofifia zaidi, bila nembo wala alama halisi za vyeo. Mama anayesimamia mavazi huzihesabu asubuhi zikitoka na jioni zikirudi, na hakuna mwigizaji anayeruhusiwa kwenda nayo kununua hata maji ya kunywa.

Julai: bunduki za mbao na shaba ya mbao

Tuliulizwa tena kama tutatumia silaha halisi zenye risasi baridi. Jibu ni hapana, na halitabadilika. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee alikufa Marekani kwa bunduki iliyotumika kwenye upigaji picha, na tarehe 21 Oktoba 2021 mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa huko New Mexico na risasi halisi iliyokuwamo ndani ya silaha ya maigizo. Filamu hizo zote mbili zilikuwa zimeajiri wataalamu wa silaha. Sisi tuna seremala wa Katuba. Seremala huyo ametuchongea bunduki za mbao, akazipaka rangi nyeusi na kuzisugua kwa risasi ya penseli ili zing'ae kama chuma kilichoshikwa sana, na kwa umbali wa hatua chache huwezi kutofautisha.

Mwako wa risasi utaongezwa wakati wa kuhariri. Tunapiga picha 25 kwa sekunde, na mwako mzuri hudumu picha moja tu, yaani sehemu ya ishirini na tano ya sekunde. Ukidumu zaidi unakuwa fataki. Kasoro ya filamu nyingi zenye bajeti ndogo ni kwamba mwako unaonekana mdomoni mwa bunduki, lakini ukuta wa jirani na uso wa mpigaji vinabaki gizani. Kwa hiyo msaidizi anasimama karibu na mwigizaji akiwa na taa ndogo ya LED, na mwigizaji anapovuta kidole taa inawaka mara moja. Mhariri atachora mwako mahali palipokwisha kumulikwa. Katika filamu nzima bunduki inalia mara tatu tu, na kila mara mtu anaathirika. Wanaotaka risasi zaidi watazipata kwingine.

Kabla ya kila usiku wa kazi tunapita kwa chefu wa mtaa, na vijana wetu wanapita nyumba kwa nyumba. Hii si adabu tu. Tangu Goma, huko mashariki, ilipotwaliwa na waasi Januari na Bukavu Februari, mtu akiona watu wenye sare na silaha gizani haulizi kama kuna kamera. Familia kadhaa katika mitaa tunamofanyia kazi zina ndugu huko, na tumekubaliana kwamba sauti ya risasi haitapigwa kamwe kwenye seti, hata kwa spika.

Shida kubwa ya mwezi imekuwa shaba. Sahani zetu ni za plywood, na fundi wa mapambo amezipaka gundi iliyochanganywa na mchanga na unga wa mbao, kisha rangi tabaka baada ya tabaka, mpaka zikapata zile chunusi na ule uwaridi. Ukizitazama tu utakubali. Mtu akiinyanyua moja, uongo wote unafichuka: mgongo haupindi, shingo haitoki mishipa, na sahani ikiwekwa chini inaruka kidogo na kutoa sauti ya mlango wa choo. Waigizaji walijitahidi kuigiza uzito, na kadiri walivyojitahidi ndivyo walivyoonekana kama watu wanaobeba pazia. Mwishowe fundi amefunga nondo nyuma ya sahani zile ambazo zitashikwa kwa mikono, mpaka watu wawili walazimike kusaidiana kweli, na zile za katikati ya fungu zimebaki nyepesi kwa kuwa hazionekani. Sauti tumeirekodi kando, kwa vipande vya shaba halisi katika karakana ya mfua vyuma: shaba hailii kama chuma, inatoa mlio mzito unaokufa upesi.

Agosti: depo usiku

Mwezi huu wote ulikuwa wa depo na wa mbio. Usiku wa Lubumbashi wakati wa kiangazi ni wa baridi kuliko wageni wanavyodhani, maana mji uko juu ya mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na waigizaji walionyesha pumzi zao bila kutumia moshi wowote wa bandia. Lori tulilikodi likiwa tupu kutoka kwa mwenye magari aliyetutaka jambo moja tu, namba zake zifunikwe. Forklifti iliendeshwa na dereva wa kazi hiyo aliyevaa koti la Ngoy, na mwigizaji mwenyewe alipanda tu pale mashine iliposimama. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kupita chini ya uma zilizoinuliwa, hata zikiwa hazina mzigo.

Pigano la depo linatokea pale mlinzi aliyefungwa anapojifungua na kumshika Ngoy mguu. Wawili hao ni wanajudo wa klabu moja ya mjini, na waliomba wenyewe lisiwe pigano la ngumi. Katika ngumi za sinema kamera hukaa nyuma ya bega, ngumi hupita mbali na shavu, na anayepigwa hugeuza kichwa. Ukikosea pembe kidogo hewa inaonekana kati ya mkono na uso. Mieleka haihitaji ujanja huo. Wanashikana kweli, wanaanguka kweli juu ya mikeka tuliyoifunika kwa turubai na vumbi, na uzito wa mwili unaonekana kwa sababu upo. Jambo tulilolitafuta ni uso wa Ngoy anapogundua kwamba anamkaba mtu anayefanya kazi ambayo yeye mwenyewe aliapa kuifanya. Hapo ndipo anapovuka ule mstari wa mwanasheria, na anauvuka kwa mikono yake, bila kuamriwa na mtu.

Mbio za miguu zinaanzia upande wa mjini na kuishia Kamalondo. Wajenzi wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati wa ukoloni, waliacha eneo tupu kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, na ingawa leo pamejengwa, ukikimbia unausikia mpango huo wa kale miguuni: barabara ni pana na ndefu, huna pa kujificha, halafu ghafla unaingia katika mitaa ya Kamalondo iliyonyooka kama mistari ya daftari, yenye nyua, kamba za nguo na milango iliyo wazi. Nusu ya kwanza tumeipiga kutoka mbali, kamera imetulia juu ya miguu mitatu, mtu mmoja mdogo akikimbia. Nusu ya pili kamera iko mkononi na inakimbia naye. Mama mmoja wa huko, ambaye ua wake ulikuwa njia yetu, alikataa kuondoka na akaendelea kusonga bukari, yaani ugali, huku Ngoy akiruka ukuta nyuma yake. Tumemwacha ndani ya picha. Hakuinua kichwa hata mara moja.

Septemba

Kazi imesimama kwa sehemu kubwa. Umeme umekuwa ukikatika wakati wa kunakili picha kwenye diski, na fedha zilizotengwa kwa chakula zimeingia katika petroli ya jenereta. Kuna picha chache za mtaani zilizokuwa zimebaki, lakini mijakaranda imeanza kuchanua, na barabara zilizokuwa kavu mwezi Juni sasa zina zambarau juu na chini. Ngoy hawezi kutoka nyumbani kiangazi na kufika kona ya mtaa mwanzoni mwa masika. Tumetafuta mtaa usio na mijakaranda, jambo ambalo katika manispaa ya Lubumbashi si rahisi, na tukaupata Katuba.

Oktoba: mezani kwa mhariri

Mkato wa kwanza ulikuwa na dakika 118. Sasa ni 97. Kilichotoka zaidi ni maelezo. Kulikuwa na tukio la kamanda akimweleza Ngoy hatari za kazi, ambalo liliandikwa vizuri na kuigizwa vizuri, na halina kazi yoyote kwa sababu kila hatari inayotajwa humo inatokea baadaye mbele ya macho yetu. Limeondolewa, na kamanda sasa anaonekana mara moja tu, akifunga droo.

Baadhi yenu mmeuliza kama hadithi itasasishwa, kwa kuwa tangu tarehe 16 Oktoba kobalti imeruhusiwa kutoka tena kwa mgawo, tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka 2025 na tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Haitasasishwa. Mgawo kwa kweli ungeweza kuzaa hadithi nyingine kali, ya karatasi na mihuri, lakini hiyo ni filamu ya ofisi.

Mjadala mkubwa ni wa mwisho. Tulionyesha mkato kwa kikundi kidogo, na katika toleo lile filamu ilikatika pale karani anapouliza, kalamu ikiwa tayari: «Jina lako?» Vijana waliusifu mwisho huo. Wazee walikasirika, na mimi niko upande wa wazee. Kumwacha mtazamaji na swali ni rahisi kwa mwandishi. Mtu aliye mbele ya karani hana nafasi hiyo, lazima ajibu, na kila jibu lina mahakama yake. Akisema Mwape, atahukumiwa kama mwizi pamoja na watu aliowasaliti, na huenda akatoka baada ya miaka michache bila mtu kujua. Akisema Ngoy, anawapa waendesha mashtaka ushahidi juu ya Mama Kalenga, na anajipeleka mwenyewe mbele ya majaji wa kijeshi kueleza kwa nini alimkaba mlinzi. Papa aliposikia mabishano alisema polisi aliyelelewa na baba wa Gécamines atataja jina la baba yake, na kwamba sababu ya kutaja si ushujaa, ni kwamba karani ameuliza rasmi naye amezoea kujibu rasmi. Tumeikubali tafsiri hiyo. Ngoy anataja jina lake, cheo chake na namba yake ya kazi kwa sauti ile ile ya ripoti, karani anaacha kuandika, na afisa wa upelelezi anatoka kwenda kupiga simu. Baada ya hapo tunaona lango la mahakama ya kijeshi kwa nje, na binti wa Mama Kalenga anayesubiri zamu yake ya kutoa ushahidi, akiwa na daftari la hesabu za depo mapajani. Hatusemi atalitumia kumsaidia nani.

Tukio hilo la nje ya lango halijapigwa. Linahitaji ukuta wenye lango la chuma, kwa ruhusa ya mwenye ukuta, na siku isiyo na mvua, kwa kuwa hadithi yote imo ndani ya kiangazi. Mvua zikitutangulia tutalipiga chini ya kibaraza na kubana picha. Mengine yaliyobaki ni haya: kurekodi upya mazungumzo ya kasho, ambamo jenereta ya jirani inasikika chini ya kila sentensi, kuchora miako mitatu ya risasi, tafsiri ya Kifaransa itakayoandikwa chini ya picha kwa watazamaji wa mikoa mingine, na muziki, ambao kwa sasa ni gitaa moja tu na huenda ukabaki hivyo. Mwenye lango la chuma linalofanana na la ofisi, upande wowote wa Kampemba au Ruashi, amwambie Mama wa mavazi.